Kila Mstari wa Saba

Mtungi wa marehemu ulikuwa umekaa juu ya meza ya Inspekta Tryphosa Nakhumicha tangu Jumatatu, na kufikia Jumatano asubuhi hakuna mtu kituoni aliyekuwa tayari kuugusa. Konstebo Kiprotich, aliyeubeba kutoka Kapsoya, alisema mikono bado inamwasha. Ulikuwa mtungi wa kawaida wa maziwa, wa chuma kisichoshika kutu, lita hamsini, kama ile inayopangwa kando ya barabara kungoja lori la maziwa. Tofauti ni kwamba huu ulitobolewa tundu karibu na kitako, na katika tundu hilo ikapitishwa koili ya umeme ya kuchemshia maji.

Mwenyewe alikuwa Mwalimu Edwin Kipkirui, aliyefundisha kemia miaka ishirini na mmoja. Kila Jumamosi ya pili alijifungia katika stoo nyuma ya nyumba yake akapika bia ya kunywa na marafiki, kwa shayiri aliyoletewa kutoka Timboroa na kuiotesha kimea mwenyewe juu ya magunia. Jumamosi iliyopita, saa tano asubuhi, jirani alisikia kishindo. Walimkuta mwalimu chini, sakafu imelowa, mtungi ungali unatokota, na spana imemganda mkononi.

Kabla jua halijatua, Fundi Mabonga, aliyeutengeneza mtungi huo, alikuwa rumande.

"Bado unaitazama hiyo kitu?" Mkuu wa kituo, Bwana Githinji, alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake kwapani.

"Bado, Afande."

"Iko wazi, Tryphosa. Koili ilivuja, maji yakaingia kwenye waya, mtu akapigwa na stima. Fundi alifanya kazi ovyo. Ijumaa namtaka mahakamani."

"Kama ilivuja, nataka kujua kwa nini haikuvuja tangu Septemba. Alipika nayo miezi mitano."

Githinji aliingia, akaufunga mlango nyuma yake. "Nisikilize. Kura ni wiki mbili kutoka leo. Kule Kapsoya kuna watu wameanza kuambia wapangaji wao warudi kwao mpaka mambo yatulie. Ulikuwa hapa mwaka wa elfu mbili na nane baada ya kura, watu wakichomeana nyumba, unajua hayo maneno huishia wapi. Mtu akishtakiwa, watu watatulia." Aliitoa kofia kwapani. "Halafu kuna lingine. Mabonga ni wa Bungoma. Na wewe ni wa Bungoma."

Nakhumicha alikuwa akilingoja hilo tangu Jumatatu.

"Ndiyo maana kila kitu nitakifanya mbele ya Kiprotich," akasema. "Macho yangu yakikataliwa, yake yapo."

Githinji alimtazama, akamtazama Kiprotich aliyekuwa akijifanya kupanga makaratasi, akavaa kofia. "Mpaka Ijumaa," akasema, akatoka.

Walimtoa Mabonga hadi uani saa nne. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, vidole vimejaa makovu madogo meupe ya cheche. Kiprotich alimfungua pingu. Mtungi waliuweka juu ya matofali mawili, na chini yake Nakhumicha akatandaza gazeti kavu.

"Fundi, hapa hakuna atakayekupiga," akamwambia. "Lakini ukinidanganya, nitajua, na nitakuacha kwa mkuu wa kituo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madam."

"Hii kazi ni yako?"

"Mtungi nilitoboa mimi. Koili niliweka mimi, Septemba."

"Fungua hicho kisanduku cha waya."

Mabonga alichuchumaa. Nje ya mtungi, pale koili ilipotokezea, palikuwa na kisanduku cha plastiki cha kufunika waya ili maji yasifike. Alifungua skrubu mbili, akakitoa, na mara mkono wake ukasimama.

"Waya wa arthi umekatwa," akasema.

Nakhumicha aliinama. Waya miwili ilikuwa imefungwa vizuri kwenye koili. Wa tatu, wa kijani na manjano, ule ambao kazi yake ni kuteremsha umeme ardhini na kukata fyuzi hatari inapotokea, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya ile miwili.

"Au hukuufunga kamwe," Kiprotich akasema.

"Niliufunga kwenye mwili wa mtungi. Tazama, bolti yake ndiyo ile, alama ya waya bado iko."

"Alama si ushahidi. Ungeweza kuufunga, halafu ukaukata."

Nakhumicha alitoa kioo cha kukuzia mfukoni, akaitazama ile ncha ya waya kwa muda mrefu, kisha akampa Kiprotich kioo.

"Shaba ina rangi gani?"

"Inang'aa, Madam. Kama mpya."

"Na ile nyingine miwili, pale inapoingia kwenye koili?"

Kiprotich alichungulia. "Imekuwa nyeusi. Kahawia."

"Stoo ya mwalimu ilijaa mvuke kila wiki ya pili. Waya uliokatwa Septemba ungekuwa umefifia kama hiyo miwili. Andika. Umekatwa si zaidi ya siku chache zilizopita."

Kiprotich aliandika, lakini hakuonekana kuridhika. "Hata siku chache zilizopita angeweza kuwa yeye."

"Angeweza," Nakhumicha akakubali. "Sasa tutie maji."

Walimimina maji baridi hadi shingoni. Wakangoja nusu saa kwa saa ya Kiprotich. Askari wengine walipita wakiuliza kama siku hizi kesi zinachunguzwa kwa kuteka maji. Gazeti lilibaki kavu. Uso wa Kiprotich ulianza kusema kwamba wanapoteza wakati.

"Mwaga," Nakhumicha akasema. "Waambie wa kantini watuletee yaliyochemka."

Maji yalikuja katika sufuria mbili kubwa, mvuke ukifuka. Dakika ya tano, kavu. Dakika ya tisa, kavu. Dakika ya kumi na mbili, chozi moja la maji lilijitokeza kwenye uzi wa nati, likaning'inia, likaanguka pale pale kilipokuwa kisanduku cha waya. Likafuatwa na lingine. Punde yakawa yanachuruzika.

"Sasa tumeona," Kiprotich akasema. "Inavuja."

"Maji yakiwa ya moto tu," Nakhumicha akasema. "Fundi, kwa nini?"

Mabonga alikuwa ameikazia macho ile nati kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba yake ikiwa na watu wengine ndani. "Naomba spana," akasema.

Kiprotich alimtazama bosi wake. Nakhumicha akaitikia kwa kichwa.

Mtungi ulipopoa na kumwagwa, Mabonga alilegeza nati ya shaba, akaitoa, kisha akachomoa washa, kisahani cha chuma chenye tundu kilichokuwa chini yake, na ndani ya washa, pete nyeusi ya mpira. Aliiweka ile pete kiganjani, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii si yangu. Hii ni tyubu ya baiskeli. Mimi natumia mpira mweupe wa vikombe vya mashine ya kukamulia ng'ombe. Ule huoshwa na maji ya moto kila siku na hausemi kitu. Naukata na wembe. Kati yake na ukuta wa mtungi sitii kitu kingine, halafu washa bapa, halafu nati. Kwa mkono mpaka igome, spana robo mzunguko, basi. Ukizidisha, mpira unatoka pembeni. Ukipunguza, haubanwi."

"Na huyu alifanyaje?"

"Huyu alichimba mfereji kwenye washa, mpira ukae ndani. Wazo si baya, mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo zamani. Lakini mfereji una kina kuzidi unene wa mpira, Madam. Mpira umezama mzima. Chuma ndicho kinagusa chuma. Maji baridi yanashikwashikwa. Tyubu ikishika moto inalegea, inateleza, njia inafunguka."

"Ni kosa la mtu asiyejua?"

"Aliyechimba mfereji safi hivi anajua." Aliigeuza washa ili jua liiangukie. Kisha akanyamaza.

Nakhumicha aliwahi kuwaona watu wengi wakinyamaza katika ua ule. Wengine hunyamaza wakitafuta uongo. Huyu alikuwa ameacha hata kupumua.

"Unaona nini?"

"Nikisema utanifunga kabisa."

"Sema kwanza."

"Hii washa imekerezwa na mashine yangu."

Kiprotich alicheka kwa pua. Nakhumicha aliinua mkono kumtuliza.

"Mashine ipi?"

"Mashine ya kukereza vyuma. Tulikuwa nayo mimi na ndugu yangu, karakana yetu ilikuwa mtaa wa Huruma, hapa mjini. Ilikuwa ya zamani, meno ya giya moja yalikuwa yamevunjika. Ndugu yangu akalichomea jino la shaba mahali pa lile lililovunjika, lakini halikulingana na wenzake. Kwa hivyo kila kitu tulichokereza kilikuwa na alama. Mistari sita sawa, wa saba unaruka. Unakuwa mpana. Wateja walikuwa wanatucheka. Hesabu mwenyewe."

Nakhumicha alichukua kioo. Uso wa washa ulikuwa na mistari myembamba ya duara, mmoja ndani ya mwingine, kama ya sahani ya santuri. Alihesabu. Akampa Kiprotich naye akahesabu, midomo ikicheza. Alipofika wa saba aliinua macho, akarudia tena kutoka mwanzo.

"Ni kweli," Kiprotich akasema taratibu. "Lakini Madam, basi ni yeye. Mashine ni yake."

"Iko wapi hiyo mashine, Fundi?"

"Sijui. Ilichukuliwa tarehe mbili Januari, elfu mbili na nane."

"Uliripoti?"

"Hapana."

Nakhumicha alijua kwamba Githinji akiyasikia hayo atafurahi: mtu anakiri kifaa cha mauaji kimetoka katika mashine yake, na anadai mashine iliibwa, wizi ambao hakuna karatasi hata moja inayoutaja.

"Eleza," akasema.

"Nilikuwa nimeenda Webuye kumwona mama, sikukuu. Ndugu yangu Wanyonyi akabaki. Alisema watu wakiona karakana haina mtu wataivunja. Niliporudi Machi, nilikuta majivu na kuta. Yeye hayupo. Watu waliniambia alikuwa ndani, wengine wakasema alikimbia, wengine walinikataza kuuliza. Kwa hivyo sikuuliza." Aliongea bila kupandisha sauti. "Lakini mashine ni chuma, Madam. Kilo mia nane. Moto wa mabati na mbao hauwezi kuila ikaisha. Haikuwapo. Ilikuwa imefungwa kwenye sakafu kwa bolti nne. Zote nne zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, zimewekwa kando, hazina hata mkwaruzo."

"Nani mwingine aliijua hiyo mashine?"

"Wateja. Na Mwalimu mwenyewe. Alikuwa analeta wanafunzi wake waione ikifanya kazi." Mabonga alifuta uso kwa mkono wa shati. "Alhamisi, siku mbili kabla afe, alinipigia simu. Nilikuwa kazini Kitale, narudi Jumamosi. Akasema, njoo Jumapili, nina kitu chako. Nikamuuliza kitu gani. Akasema si maneno ya simu."

Nyumbani kwa marehemu, Kapsoya, hema lilikuwa limeshasimikwa. Wanawake walikuwa jikoni wakimenya viazi, na redio imezimwa kwa heshima. Faith, mjane, aliwapeleka wageni wake katika chumba kidogo chenye vitabu vya mwalimu. Binti yake Sharon alileta chai, akatoka.

"Pole sana, Mama Sharon," Nakhumicha akasema. "Sitakaa sana. Katika wiki ile ya mwisho, nani aliugusa mtungi?"

"Hakuna. Ni yeye tu."

"Haukuwa umeanza kuvuja?"

"Sijui mambo ya mtungi."

"Si fundi, si jirani, si ndugu?"

"Nimesema hakuna." Kikombe chake kiligonga sahani.

Nakhumicha alikunywa chai bila haraka. Ukutani palikuwa na picha ya arusi. Nyuma ya bwana arusi alisimama kijana mpana wa mabega, mwenye uso ule ule wa Faith.

"Ndugu yako?"

"Kiptoo. Ananifuata mimi."

"Anafanya kazi gani?"

Faith alisogeza kikombe. "Anatengeneza trela. Turbo."

"Ana karakana?"

"Ndiyo."

"Mama Sharon," Nakhumicha akasema, "kuna mtu rumande anayesemekana alimuua mumeo kwa uzembe. Mtungi alioutengeneza ulipika bia miezi mitano bila shida. Wiki iliyopita mtu akaufungua, akabadilisha mpira, akakata waya wa usalama. Shaba ya ule waya bado inang'aa. Huyo mtu aliingia katika stoo yako. Sikuulizi kwa sababu nadhani ulijua. Nakuuliza kwa sababu unajua ni nani."

Faith alitazama mlango, akatazama mikono yake.

"Aliniambia nisiseme," akasema hatimaye. "Siku ile ile ya Jumamosi, mwili haujatoka hata nyumbani. Akasema, dada, polisi wakisikia niligusa ile kitu watatuandama bure, na fundi yuko. Nikaona ni kweli. Ni ndugu yangu."

"Aliugusa lini?"

"Ijumaa jioni. Ulikuwa umeanza kudondosha matone pale penye koili, na Mabonga yuko Kitale. Jumatano mwalimu akaubeba mpaka Turbo. Alirudi bila kufanyiwa kazi, na hakula. Nikamuuliza kuna nini. Akaniuliza, unajua ndugu yako alinunua wapi ile mashine yake? Nikasema sijui, alikuja nayo wakati ule wa vita. Akasema, mimi naijua. Basi. Ijumaa Kiptoo mwenyewe akaja, mpole, na washa ameshaitengeneza. Walifungiana stoo, nikasikia wanabishana kidogo, halafu wakatulia. Akaufunga mtungi. Nikaona wamepatana."

"Ulisikia chochote cha mwisho?"

"Alipokuwa anatoka. Alimwambia mwalimu, kesho ikianza kudondoka usizime stima. Mpira hukaa vizuri ukiwa moto. Chukua spana, ukaze hivyo hivyo ikitokota."

Kalamu ya Kiprotich ilisimama juu ya karatasi.

"Rudia hayo tafadhali," Nakhumicha akasema kwa upole. "Pole pole, aandike kama ulivyosikia."

Faith aliyarudia, na katikati ya kuyarudia akayasikia mwenyewe. Alijifunika uso kwa leso. Nje, wanawake waliendelea kumenya viazi.

Karakana ya Turbo ilikuwa kando ya barabara ya Webuye, baada ya maduka, mahali malori ya mahindi huegeshwa kurekebishwa. Kiptoo hakuwahi kumwona Nakhumicha. Siku ya Jumamosi aliyefika Kapsoya alikuwa Kiprotich, kwa hivyo Kiprotich alibaki ng'ambo ya barabara nyuma ya lori pamoja na askari wawili wa kituo cha Turbo. Nakhumicha alivuka na mkoba wake mkononi, kama mama anayetafuta fundi.

"Nataka washa ya tangi la maji," akasema. "Ya chuma. Inchi moja na robo katikati."

"Rudi kesho, Mama. Leo nina msiba."

"Pole. Ni kitu cha dakika kumi, na maji yanamwagika nyumbani."

Kiptoo alisita, kisha akachukua kipande cha chuma. Alikuwa mtu wa miguu mizito na mikono myepesi. Mashine ilikuwa pembeni kabisa, imepakwa rangi ya kijani iliyopitishwa hata juu ya vibao vya namba. Aliiwasha. Ikanguruma, na ndani ya mngurumo ule kulikuwa na kitu kidogo, kama mtu anayekohoa kila baada ya pumzi chache. Chuma kikatoa nyuzi zake za kuzunguka. Kiptoo akaipima washa, akaipangusa, akampa.

Nakhumicha alisogea kwenye mwanga, akavaa miwani yake, akahesabu. Alihesabu mara tatu, sehemu tatu tofauti.

"Iko na shida?" Kiptoo akauliza.

"Ni nzuri. Uliinunua wapi hii mashine?"

"Kwa mtu."

"Anaitwa nani?"

"Alishakufa." Alikuwa ameacha kupangusa mikono. "Wewe ni nani?"

"Inspekta Nakhumicha. Nachunguza kifo cha shemeji yako." Ng'ambo, Kiprotich alikuwa ameshaanza kuvuka barabara. "Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Dada yako anasema ulikuwa kwake."

Kiptoo alimtazama Kiprotich akiingia, na wale wawili nyuma yake. Hakukimbia. Alikaa juu ya chuma cha trela iliyokuwa haijamalizika, kama mtu aliyechoka kusimama.

"Nilimsaidia tu. Washa ilikosea kipimo. Kukosea si kuua."

"Mtu anaweza kukosea kipimo," Nakhumicha akasema. "Waya wa arthi nao ulikosea kipimo? Na mwalimu wa kemia, aliyefundisha watoto miaka ishirini wasiguse maji na umeme, alikaza nati mtungi ukiwa na stima kwa sababu alikosea? Au kwa sababu fundi anayemwamini, ndugu wa mkewe, alimwambia ndivyo inavyofanywa?"

Lori lilipita likitikisa mabati.

"Alitaka nini?" Nakhumicha akauliza. "Jumatano, hapa."

"Nimwite Mabonga aje achukue mashine yake." Kiptoo aliongea akiitazama sakafu. "Nikamwambia nitamrudishia pesa pole pole, atakubali. Nikamwambia hii ni chuma tu, kila mtu alipoteza kitu mwaka ule, na sisi tulipoteza. Akasema sawa, chuma ni chuma. Halafu akaniuliza, na yule aliyekuwa ndani?"

Kiprotich aliacha kuandika. Nakhumicha alimpa ishara aendelee kuandika.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sikujua kama kuna mtu. Tuliikuta tu. Kila mahali palikuwa panaungua."

"Mlikuwa na lori?"

"Trekta."

"Mashine ilikuwa imefungwa sakafuni kwa bolti nne. Hazikukatwa, zilifunguliwa. Bolti za namna hiyo, zimekaa miaka, zina mafuta na uchafu. Wewe ni fundi. Moja inachukua muda gani?"

Kiptoo aliokota kitambaa, akaanza tena kupangusa mikono.

"Dakika kumi?" Nakhumicha akauliza. "Basi ni dakika arobaini, na hapo hamjaiinua. Karakana ilikuwa haijaungua, kwa sababu rangi ya chini ya hii mashine ni nzima, naiona pale kijani kilipobanduka. Kwa hivyo mlikaa mle ndani zaidi ya nusu saa, mkafungua, mkabeba, na moto ukaja baadaye. Wanyonyi alibaki kuilinda. Kwa muda wote huo alikuwa wapi?"

Alingoja. Aliwahi kungoja majibu ya maswali mengi, na alijua tofauti ya mtu anayekumbuka na mtu anayebuni. Kiptoo hakuwa akifanya lolote kati ya hayo mawili. Macho yake yalikuwa kwenye yale mashimo manne ya miguu ya mashine, ambako sasa kulikuwa na bolti mpya.

"Alikuwa anatushika miguu," akasema.

Hakusema zaidi siku hiyo. Kiprotich alimfunga pingu, na yeye ndiye aliyemshika kichwa asijigonge alipoingia garini.

Saa kumi, kituoni, Githinji alisoma maelezo yote kutoka mwanzo. Alipomaliza aliyaweka mezani, akayapanga kingo sawa.

"Kiprotich, ulihesabu mwenyewe?"

"Mara nne, Afande. Na ile ya Turbo mara nne."

"Mtoe Mabonga," Githinji akasema. "Na mtu aende Kapsoya awaambie wazee ni nani tumemshika, kabla redio haijawaambia vingine." Alimtazama Nakhumicha kama anayetaka kuongeza neno. Hakuliongeza. Lakini alisimama akamfungulia mlango.

Mabonga alirudishiwa mkanda, simu na kamba za viatu. Alikaa kwenye kiti mbele ya meza ya Nakhumicha akizifunga, polepole, na alipoambiwa mashine imepatikana hakuinua kichwa.

"Ikoje?" akauliza.

"Inafanya kazi. Wameipaka kijani."

"Lile jino?"

"Bado liko."

Akaitikia kwa kichwa. Ndipo Nakhumicha akamweleza lile lingine, maneno yote ya Kiptoo hadi yale ya mwisho, bila kuyapunguza. Mabonga alimaliza kiatu cha kushoto. Akaanza cha kulia, akaiacha kamba ikining'inia.

"Kiprotich," Nakhumicha akasema, "angalia kama tuna faili yoyote ya Wanyonyi, Huruma, Januari elfu mbili na nane."

"Nimeshaangalia, Madam. Hakuna. Hakuna aliyemtaja."

Alivuta droo, akatoa faili mpya, ya rangi ya kaki, akaandika tarehe ya siku hiyo juu yake. Aliifungua kwenye ukurasa wa kwanza, pale penye nafasi ya jina la marehemu.

"Majina yake yote matatu, Fundi. Kama yalivyo kwenye kitambulisho."

Mabonga alisogeza kiti karibu na meza. Akanyoosha mkono. Nakhumicha akaigeuza faili, akampa kalamu, na Mabonga akainama akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akikaza mkono kama anayechora juu ya chuma.